Mteule wa Kuhonga: Nimeirudia Morrowind

Saa sita usiku niko Tel Aruhn, mji ndani ya gemu ya kompyuta Morrowind, nimesimama mbele ya mama mmoja muuza watumwa anaitwa Savile Imayn, namtafutia mtu mke.

Anayetaka mke ni Kaushad, mkuu wa kabila la Wazainab, na anataka mwanamke wa ukoo mkubwa wa Telvanni, binti wa watu kabisa. Sasa mabinti wa Telvanni hawaolewi na wafugaji wa nyikani, hilo kila mtu kule analijua, kwa hiyo mganga wa kabila lake mwenyewe, mama mtu mzima Sonummu Zabamat, ndo anakuvuta pembeni anakupa akili: nenda kwa muuza watumwa, chukua msichana mzuri wa Kidunmer, yani wa wenyeji wa kule, mvishe nguo za bei mbaya, mpake manukato ya Kitelvanni, mlete hapa umwambie mzee kwamba huyu ni bibi wa ukoo fulani. Mzee atajulia wapi?

Msichana anaitwa Falura Llervu. Nikalipa, nikamvisha, tukaanza safari ya kwenda Grazelands, yeye nyuma mimi mbele, yale mandege ya cliff racer yanatushukia kila tukipumua.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya kiti anakula ubuyu. Akasoma maandishi kidogo kwenye skrini, akauliza, "Kaka, kwani wewe si ndo steringi?"

Nikamwambia subiri utaelewa. Hakusubiri, akaenda kulala. Kaushad akampokea mke wake kwa furaha, akanitangaza Nerevarine wa Wazainab, yani mteule aliyetabiriwa, na mimi nikazima kompyuta nikiwa nimeshinda misheni na nimekasirika, na mpaka leo sijajua vizuri nilimkasirikia nani.

Wiki kadhaa sasa hii kitu inanitembea kichwani.

## Mambo ambayo siyarudii

Morrowind ilitoka 2002, Bethesda, kisiwa cha Vvardenfell, mnaijua. Habari za kwamba hakuna mshale wa kukuonyesha njia, kwamba unamkata mtu panga liko mwilini mwake kabisa alafu gemu inasema umekosa, kwamba ukikimbia sana unachoka na ukichoka ndo unakosa zaidi, hayo yote yameshaandikwa na watu mpaka yameisha utamu. Safari hii nimecheza kwa OpenMW, ile injini waliyoiandika upya watu wa kujitolea, inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Ina uwezo wa kuondoa ule ukungu wa zamani ukaona mbali. Niliuondoa, nikapanda kilima karibu na Pelagiad, nikaona majengo ya mji wa Vivec yale pale, karibu kabisa, mji ambao zamani kwangu ulikuwa safari. Nikaurudisha ukungu. Wenye uzee wetu mtanielewa.

Kilichobadilika ni kwamba zamani nilikuwa sisomi. Kiingereza kilikuwa cha shule ya msingi, na gemu ile ni maandishi matupu, kila mtu ukimgusa anakumwagia aya tatu. Tulikuwa tunacheza kwa kuzurura: kuiba vikombe Balmora, kumuuzia yule jini Creeper pale Caldera ambaye ananunua vitu bila kupunja hata senti, kuokota karatasi za uchawi za yule mtu anayedondoka kutoka mbinguni karibu na Seyda Neen, tunaruka nazo, tunakufa, tunacheka. Nani alikuwa anajali utabiri?

Safari hii nikasoma kila kitu. Na ukisoma, mambo yanaharibika.

## Barua

Mnakumbuka mwanzo. Unashushwa kwenye meli ya wafungwa pale Seyda Neen, unaandikishwa ofisini, mzee Socucius Ergalla anakuuliza kazi yako na nyota uliyozaliwa nayo, unajibu unavyotaka, anagonga karatasi. Alafu unapewa kifurushi umpelekee mtu mmoja Balmora anaitwa Caius Cosades. Unamkuta kwenye geto lake, kifua wazi, bomba la skooma, madawa ya kulevya ya kule, liko pembeni. Ndo mkuu wa majasusi wa Dola. Na wewe kuanzia dakika ile ni jasusi, hakuna aliyekuuliza kama unataka.

Kile kifurushi kilikuwa na barua ya mafumbo. Baadae sana, ukishamfanyia misheni kadhaa, Caius anakupa nakala iliyofumbuliwa ili usome mwenyewe umeletwa kufanya nini. Zamani niliiweka begani nikaendelea. Mwaka huu nikakaa chini nikaisoma polepole.

Inasema hivi kwa ufupi: kuna utabiri wa wenyeji, kwamba shujaa wao wa kale Nerevar atazaliwa upya, atakuwa yatima aliyetengwa, amezaliwa siku fulani kwa wazazi wasiojulikana. Huyu mfungwa tunayekuletea anaonekana kufanana na hayo maelezo. Basi Kaizari anataka, kadiri itakavyowezekana, huyu mtu atimize masharti ya huo utabiri na awe Nerevarine. Ni ushirikina wa kienyeji tu, barua inakubali, ila Kaizari ameshauriana na watu wake na ameona una uzito.

Rudia hapo. Atimize masharti. Awe.

Kaizari hajatuma mtu achunguze kama mimi ndiye. Amenituma nikawe. Kuna fomu, ina masharti, nenda kaijaze. Na ile nyota ya kuzaliwa niliichagua mwenyewe pale kwenye dawati la Ergalla, mwaka huu nilichukua nyota ya farasi kwa sababu inaongeza mbio!

Nimekulia Dar na bibi yangu alikuwa mtu wa Unguja, kwa hiyo sentensi kama ile ya "ushirikina wa kienyeji ila tunaweza kuutumia" haipiti hivi hivi. Dola kwenye gemu hii iliingia jimbo la Morrowind kwa mkataba: wenyeji wabaki na dini yao na utumwa wao, huku sehemu nyingine za Dola utumwa ni marufuku. Waingereza walitangaza himaya yao Zanzibar mwaka 1890, na utumwa ukabaki halali mbele ya sheria mpaka 1897. Miaka saba bendera inapepea na watumwa wapo. Sisemi walioandika gemu walikuwa wanaiwaza Zanzibar, sidhani kabisa. Nasema mimi ndo nilikuwa naiwaza, nimesimama Tel Aruhn na hela mkononi, mtumishi wa Kaizari, natoa oda ya msichana.

## Kutafuta wadhamini

Ili uwe mteule kamili lazima makabila manne ya Waashlander, wale wafugaji wa nyikani, yakutaje Nerevarine, na koo kubwa tatu zikutaje Hortator, kiongozi wa vita. Watanzania wote mnaijua hii, ni mgombea anazunguka mikoani kutafuta wadhamini. Na inafanyika vile vile.

Ukoo wa Hlaalu: kuna diwani anaitwa Crassius Curio, mwandishi wa tamthilia chafu, kura yake ni zawadi ya dhahabu elfu moja. Hafichi, anakutajia bei. Wengine wako mfukoni kwa Orvas Dren, ambaye ni jambazi na ni ndugu yake Duke wa Vvardenfell, kwa hiyo ama mnaelewana ama unamuua.

Ukoo wa Redoran: hawa ni wa heshima, wanajeshi, hawahongeki. Sawa. Mkuu wao Bolvyn Venim hakutaki, kwa hiyo unamuua uwanjani Vivec mbele za watu, kwa heshima.

Ukoo wa Telvanni: wachawi wanaoishi ndani ya uyoga mkubwa kama ghorofa, na hawana ngazi, kama huwezi kuelea huna shida ya maana ya kumsumbua mwenye nyumba. (Naipenda sana hii, ndo ukoo pekee ambao jengo lenyewe linakutukana.) Mkuu wao Gothren anakuzungusha, njoo kesho, nafikiria, nafikiria, na wenzake wanakuambia wazi kwamba ataendelea kufikiria mpaka ufe, kwa hiyo fanya kinachofanyika. Nikafanya kinachofanyika.

Kabila la Erabenimsun: mkuu wao anataka vita na watu wa kuja wote. Mganga wao anakushauri umuue yeye na wapambe wake, umweke madarakani kijana mpole anaitwa Han-Ammu ambaye hataki hata hicho cheo. Hiyo ina jina lake kwenye vitabu vya historia na sio "utabiri".

Wazainab mmeshasikia.

Ahemmusa ndo waliniponya roho kidogo, wao wanataka mahali salama pa kukaa, unasafisha hekalu la zamani Ald Daedroth, unamsindikiza mganga wao mpaka ndani aone mwenyewe kama panafaa. Basi. Hakuna hila wala damu ya mtu aliyekuwa hajakufanya kitu, ukiacha waliokuwemo humo hekaluni, maana hata wao mh.

Ukijumlisha unapata mteule wa mbinguni aliyepatikana kwa hongo, mauaji, mapinduzi, na ndoa ya ulaghai. Na kila hatua gemu inaandika kwenye daftari lako kwa utulivu kabisa: sasa mimi ni Hortator wa ukoo fulani. Haikusuti. Hakuna kipimo cha wema na ubaya kinachopanda na kushuka pembeni ya skrini. Nadhani hicho ndo kilinikera zaidi, nilikuwa nasubiri gemu inikemee ili nijitetee, na haikunikemea.

## Lakini pete haikuniua

Hapa ndo nilikwama, kwa sababu kama ingekuwa ni uhuni mtupu ningeandika makala fupi nikalala.

Kuna pete inaitwa Moon-and-Star, ilikuwa ya Nerevar mwenyewe, na inasemekana mtu mwingine yeyote akiivaa anakufa papo hapo. Ipo ndani ya pango ambalo mlango wake unafunguka alfajiri na magharibi tu. Nilisubiri mawio, nikaingia, Azura, mungu wa kike wa utabiri huu, akasema nami, nikavaa pete.

Sikufa.

Kwa hiyo kumbe ndiye? Ila humo humo pangoni wako wengine, maiti zimekaa zimekauka, ni waliotangulia, kila mmoja wakati wake alionekana ndiye na akaishia njiani. Unaongea na mizimu yao, kila mmoja anakusimulia alivyofeli na anakupa kitu chake. Wanakupongeza. Nilimaliza kuongea na wa mwisho nikabaki najiuliza, kama angefika mbele kidogo Peakstar, mmoja wao, badala yangu, Azura angemwambia maneno yale yale?

Mganga wa kabila la Urshilaku, Nibani Maesa, alishanijibu mapema ila sikumsikiliza. Aliniambia mimi sio Nerevarine, mimi ni mtu anayeweza kuwa Nerevarine. Niliichukulia kama zile sentensi za waganga za kujaza muda.

Na ugonjwa wa corprus nao vile vile. Utabiri unasema mteule hatadhurika na maradhi wala uzee. Ugonjwa wa corprus hauna dawa, unakuoza mwili unakutoa akili, ila kuna mchawi mzee wa Telvanni, Divayth Fyr, anafuga wagonjwa kwenye shimo chini ya mnara wake na anajaribu dawa. Akanipa nikanywe mbele yake, wote waliowahi kunywa kabla yangu walikufa. Mimi ikaniondolea ubaya wa ugonjwa ikaniachia faida zake, kwa hiyo sasa siumwi na sizeeki. Sharti limetimia. Limetimizwa na mungu au na mzee mwenye chupa?

Gemu haijibu. Nimeipekua, nimesoma vitabu vya dini na vya wapinzani wa dini, vile ambavyo Hekalu limevipiga marufuku, hata Nerevar wa kwanza alikufaje hawakubaliani, wengine wanasema ni majeraha ya vita, wengine wanasema rafiki zake wenyewe walimuua wakajifanya miungu. Vivec, mmoja wa hao hao miungu, unamuuliza uso kwa uso na bado unatoka hujapata kitu cha kukishika.

## Uzi uliokatika

Alafu kuna hii, na wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuifikia.

Ukiua mtu muhimu kwenye hadithi, linatokea lile tangazo maarufu: uzi wa utabiri umekatika, rudisha seivu ya nyuma, au endelea kuishi kwenye ulimwengu ulioulaani mwenyewe. Nilikuwa naliogopa sana zamani. Nilikuwa nikiliona narudisha seivu mbio hata kabla sijamaliza kusoma.

Lakini sio kweli! Au ni kweli nusu. Uzi wa utabiri umekatika ndio, ila gemu bado inamalizika. Ukimuua Vivec unachukua glavu ya Wadwemer, taifa la kale lililotoweka, kwenye mwili wake, unampelekea Yagrum Bagarn, Mdwemer wa mwisho aliye hai, yuko kwenye lile lile shimo la wagonjwa la Divayth Fyr, na ukimpelekea na vitabu vinavyohitajika anaitengeneza ikafanya kazi. Ukiivaa inakukata afya vibaya sana, lakini inakwenda. Unapanda Red Mountain, unaupiga Moyo, ule wa mungu wa kale unaompa nguvu adui mkubwa Dagoth Ur, kwa nyundo Sunder alafu kwa kisu Keening, Dagoth Ur anakwisha. Bila pete, bila Azura, bila kumtafutia Kaushad mke. Na wale vijana wa kukimbiza muda hata glavu hawaihitaji, wanakunywa dawa za kuponya mfululizo huku zana zinawaunguza, wanamaliza kwa dakika chache tangu washuke melini.

Nilipolifikiria hili ndo hasira yangu ilipopata mwenyewe. Nilikuwa nikijiambia sikuwa na namna, utabiri ulitaka niwe mteule wa Wazainab, na njia ya Wazainab ni ile moja. Kumbe gemu ilikuwa imeacha mlango wa nyuma wazi tangu 2002. Utabiri ulikuwa njia moja ya kufika mlimani, yenye vyeo na pongezi. Niliifuata kwa sababu ndo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari.

## Swali la Dagoth Ur

Ukifika chini kabisa ya mlima, adui mkubwa hakuvamii. Anakukaribisha kwa heshima, anakuita kama rafiki wa zamani, na kabla ya kupigana ana maswali. La kwanza: je, kweli wewe ni Nerevar aliyezaliwa upya?

Majibu yako mbele yako. Unaweza kukubali. Unaweza kukataa. Lipo na la kwamba hatima yangu naipanga mwenyewe.

Watu wote wa Vvardenfell waliniuliza kama nina ushahidi, na ushahidi niliununua. Huyu peke yake, ambaye kila mtu anasema ni shetani, ndo aliniuliza mimi naamini nini. Nilitoka kwenda kuchemsha chai. Nikarudi, swali bado lipo, gemu hii haina haraka.

Lile la kupanga hatima yangu lilinivutia, limekaa kishujaa, ila nikaona ni uongo kuliko yote, mtu aliyeletwa na meli ya serikali na barua ya serikali anapanga nini? La kukataa nalo, nimevaa pete ya watu kidoleni na sijafa. Nikachagua kukubali, na nikalichagua kwa sababu Falura Llervu yuko Grazelands anaitwa bibi wa ukoo mkubwa kwa neno langu, na kama mimi sio Nerevarine basi yule dada nilimfanyia vile kwa ajili ya nini.

Majibu yote unapigana tu, hakuna tofauti. Nilijua. Nilishinda bila taabu, nilikuwa na dawa kama duka zima.

Sasa nimeanza mhusika mpya, Mkhajiit, yani mtu-paka, moja ya makabila ambayo kule yanafanywa watumwa, na huyu hata ofisini kwa Caius sijampeleka, kile kifurushi nimekiuza. Anazunguka mashambani anafungua pingu za watu, kuna mtandao wa siri unaitwa Twin Lamps wanasaidia waliotoroka. Mpango ni mlango wa nyuma: Vivec, glavu, Yagrum. Tatizo ile glavu inakata afya nyingi mno na mimi niko levo ya chini mno, Vivec mwenyewe nilimjaribu juzi akanimaliza kabla sijapiga hata mara mbili, na kati ya hizo mbili moja gemu ikasema nimekosa. Mwenye kujua levo gani inatosha aniambie.